Beji Iliyoongoza Darasa

Jumatatu, 6 Mei

Kiwanda kizima wanaisimulia vibaya. Wanasema nilichaguliwa kwenda mafunzo ya usalama wa mionzi kwa sababu niliinua mkono kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Uongo mtupu. Niliinua mkono kwa sababu meneja aliuliza nani anaijua hatari ya ile mashine yetu, na mimi nina miaka thelathini na moja humu ndani. Chooni nilitaka kwenda, sikatai. Lakini mkono uliinuliwa na moyo. Kibofu kilisindikiza tu.

Meneja aliniangalia kama mtu aliyeagiza mbuzi akaletewa kuku. Akauliza, mzee wa stoo, wewe? Nikasema mimi. Watu wakacheka. Lakini alitaka majina matatu na alikuwa nayo mawili. Akaandika. Hadithi inaishia hapo, na mwenye hadithi nyingine aje stoo tuonane.

Mashine yenyewe tunaiita Jicho. Kisanduku cha manjano pembeni ya mkanda wa chupa. Hiki ni kiwanda cha soda. Chupa inapita mbele ya Jicho, Jicho linatoa mionzi, upande wa pili kuna kidude kinaipokea. Chupa isiyojaa inapigwa kikumbo nje. Miaka yote nilidhani mle ndani kuna taa. Sasa wakubwa wamesema lazima pawe na msimamizi wa usalama wa mionzi, mtu mmoja, aliyesomea. Tunafundishwa watatu wiki hii, anachaguliwa mmoja.

Na huyo mmoja picha yake inawekwa getini. Kwenye fremu, ina kioo. Chini imeandikwa: mtu wa kumwita.

Nastaafu Desemba. Miaka thelathini na moja, picha yangu imebandikwa getini mara moja tu, kwenye orodha ya waliopoteza vitambulisho.

Wenzangu ni hawa. Dada wa maabara, tunamwita Kamusi, ukimuuliza saa anakupa na historia ya saa. Halafu Spana, fundi wa mkanda. Spana ni shemeji yangu, kamuoa mdogo wangu wa mwisho. Mimi ndiye niliyemwingiza kiwandani miaka kumi na tisa iliyopita, hajui nati wala bolti. Leo yeye ndiye anashika ufunguo wa kifuniko cha Jicho. Kazi yake kunitania. Kazi yangu kumtania. Ndiyo ushemeji.

Daftari kagawa mkufunzi. Kasema kila siku tuandike tumefanya nini na tumesimama wapi. Nikaomba mawili. Moja lake, hili langu. Herufi nilifundishwa na mke wangu, meza ya jikoni, nikiwa na miaka arobaini. Kwa hiyo zikiinama asizicheke mtu. Zilizaliwa tayari ni wazee.

Jumanne, 7 Mei

Darasa ni kantini. Mkufunzi ni binti mdogo, sauti ya kubembeleza mtoto. Kila baada ya dakika anasema simameni mita mbili. Nimempa jina, Mwalimu Mita Mbili. Kamusi kacheka, basi jina limeshakubalika.

Mwalimu kasema mionzi ina dawa tatu: kaa nayo muda mfupi, kaa nayo mbali, weka kitu katikati. Nikasema mimi hizo tatu nimeziishi. Nachelewa kufika, nakaa mbali na ofisi, na meneja akija naweka rafu katikati. Darasa likaanguka kicheko. Nilijisikia vizuri sana. Ningeishia hapo.

Sikuishia. Nikaanza kuhadithia mwaka ule nilipouona mwonzi kwa macho yangu, ukitoka kwenye Jicho, rangi ya bluu, unavuma kama nyuki, ukapita juu ya kofia yangu ukaunguza kalenda ukutani. Nilikuwa nimeshafika pazuri. Mwalimu kanisubiri nimalize. Halafu, kwa upole ule ule, kasema mionzi haionekani, haisikiki, haina harufu wala joto. Ndiyo maana ni hatari.

Nikasema mimi niliona ile ya zamani. Spana akauliza kama ilikuwa inatumia mafuta ya taa.

Nilitoka kwenda chooni. Safari hii ni kweli. Nilikaa huko mpaka masikio yakapoa.

Niliporudi wanagawa beji. Kitu cha plastiki, kidogo kama kisanduku cha kiberiti kilichokanyagwa, unabana kifuani. Mwalimu alikuwa anamalizia. Beji inakumbuka kila ilichokutana nacho. Ijumaa atazikusanya, atazitia kwenye mashine yake ndogo, na kila mtu atapata namba yake.

Namba yake! Basi kuna matokeo.

Maelezo ya namba yalinipita nikiwa chooni. Ningeuliza. Wanasema kuuliza si ujinga. Aliyesema hivyo hakuwa amekaa pembeni ya shemeji yake.

Jumatano, 8 Mei

Siku mbaya. Naandika kwa kifupi.

Asubuhi tumeenda mkandani kwa vitendo. Kuna kifaa cha kupimia mionzi, kina pua. Nimekishika pua ikiangalia tumbo langu. Nimetembea nacho hivyo toka mlangoni mpaka kwenye Jicho, najipima mwenyewe, uso mzito, kama daktari. Spana kamwambia mwalimu aniachie tu, huenda tukajua chakula cha wafanyakazi kinaenda wapi.

Halafu Spana kaonyesha namna ya kufunga kifuniko kabla mtu hajagusa mashine. Anageuza ufunguo, anaangalia taa, anapima, anaandika kwenye kitabu, anatia sahihi. Polepole, hata hatanii. Mwalimu kasema mmeona? Hivyo ndivyo. Nimeona. Roho imeniuma kama jino.

Mchana mtihani wa majaribio, maswali ishirini. Kamusi ishirini. Spana kumi na saba. Mimi manne. Na moja katika hayo manne lilikuwa jina langu na kitengo.

Nyumbani mke wangu kauliza nimepata ngapi. Nikasema nne. Akauliza kati ya ngapi. Nikasema nne.

Akafurahi. Akaniambia toka siku ile ya kwanza nilipoandika jina lake bila kuruka herufi, alijua. Akachemsha chai, akatoa vikombe vya wageni. Sijawahi kunywa chai chungu vile, na sukari alitia mwenyewe.

Basi imebaki namba ya beji tu. Huko hakuna maswali. Lakini hata huko kuna dhuluma. Spana anashinda karibu na Jicho, beji yake inakula asubuhi na jioni. Stoo iko mwisho wa uwanja, nyuma ya kreti. Beji yangu itakufa njaa. Mtu mwenye haki angeona hili. Mimi nimeliona.

Jumapili ya pili ya Desemba nitapita getini na mke wangu, nitamwambia angalia juu. Nitajifanya nafunga kamba ya kiatu.

Jumatano tena

Nimeongeza ukurasa kwa sababu silali vizuri bila mpango. Mpango umepatikana.

Alhamisi, 9 Mei

Nimefanya.

Saa ya chakula cha mchana mkanda unabaki na kijana mmoja tu, naye yuko kule mwanzo, kwenye kuosha chupa. Nilichukua selotepu moja stoo. Nimeiandika kwenye kitabu cha stoo vizuri: selotepu moja, matumizi ya mafunzo. Mimi si mwizi.

Nikavuka ule mstari wa manjano tulioambiwa tusivuke. Nikapita nyuma ya mkanda, ng'ambo ya chupa, nikaibandika beji pale pale Jicho linapotazama. Chini kidogo, isiguse chupa. Nikaibonyeza na kidole gumba. Nikaiambia kula mama, kula ushibe. Nikarudi. Muda wa kutaja jina langu na la baba yangu, basi.

Itakaa hapo mpaka kesho asubuhi. Zamu ya usiku haina macho ya kutafuta beji.

Shida ilikuwa kifua kitupu. Nikafunga ovaroli mpaka kidevuni. Joto lile, mvuke wa kuoshea chupa, na mimi nimejifunga kama mtoto wa siku saba. Spana akapita, akasimama, akaniangalia juu chini. Akauliza, shemeji, hiyo ni homa au ni aibu? Nikamwambia homa. Akasema pole, kapumzike basi, stoo haitakimbia. Akaenda.

Jasho limeingia mpaka kwenye viatu. Lakini ushindi haupatikani kwa upepo.

Ijumaa, 10 Mei

Herufi leo zimelala kabisa.

Asubuhi niliwahi, nikaitoa beji. Selotepu ilishika vizuri. Nilivaa koti la harusi ya binti yangu juu ya shati lililopigwa pasi na mke wangu kwa ajili ya picha. Tukazikabidhi beji. Mwalimu akaingia nazo chumba cha pembeni. Tukakaa kusubiri. Nilikuwa na hotuba fupi.

Akatoka kabadilika rangi. Akarudi ndani. Akatoka tena. Akamwita meneja, wakanong'ona, wote wawili wakaniangalia mimi. Nikajua. Nikasimama, nikanyoosha kola.

Kisha mkanda ukazimwa.

Mkanda huzimwa kwa matengenezo, kwa kengele, kwa taratibu zake. Huu ulizimwa tu, chupa zikabaki zimesimama foleni. Sijawahi kusikia kiwanda kikinyamaza hivyo mchana. Watu wakatoka nje mmoja mmoja, wanaulizana nani kafa.

Mwalimu akaja, akanikalisha. Akaniita baba. Hakuniita hivyo hata siku moja. Akauliza kama nasikia kichefuchefu, kama ngozi inawaka, mkono upi unauma. Nikasema mkono wa kulia, huo unauma toka zamani. Akaandika. Akaniuliza kama beji iliwahi kutoka kifuani kwangu.

Nikasema haijawahi.

Wamenitia kwenye gari la kampuni kwenda hospitali. Njiani nikamuuliza mwalimu, kwa sauti ndogo, nimepata ngapi. Akasema baba, hii ni mara kadhaa ya anachoruhusiwa mfanyakazi kwa mwaka mzima. Nikauliza, kwa hiyo iliyo nzuri ni ngapi? Akanishika mkono. Akasema namba nzuri ni sifuri.

Sifuri. Mimi ningeipata hiyo nikiwa nimelala stoo.

Palikuwa na taa mbili za barabarani kutoka pale hadi hospitali, zote nyekundu. Muda ulikuwepo. Binti yule machozi yalikuwa yanamlengalenga, anasema kosa ni lake, angetuangalia zaidi. Ningefungua mdomo pale, ingekwisha pale. Mdomo huu haujafungwa tangu nizaliwe. Leo umefungwa.

Wamenitoa damu vichupa vitatu. Nesi kasema pole mzee.

Jumamosi, 11 Mei

Nyumba imejaa. Watoto wamepiga simu wote, hata yule wa mbali anayepiga Krismasi tu. Mke wangu kanitandikia shuka mpya. Kaniosha miguu kwa maji ya vuguvugu. Nikamwambia miguu haina kitu. Akasema nyamaza.

Supu nimepewa. Nimekunywa bakuli mbili. Ilikuwa tamu, na hilo ndilo linaloniua.

Mdogo wangu kaja, macho yamevimba. Nikamwambia usilie, kaka yako ni mti mgumu. Akasema analia vilio viwili, hajui aanze na kipi. Kaka yake anaondoka na mume wake anafukuzwa.

Nikakaa kitandani.

Ikawa hivi. Beji haiwezi kula mionzi yote ile kama kifuniko kilifungwa watu wakikaribia mashine. Kifuniko ni cha Spana. Kitabu kina sahihi ya Spana, kila siku, kimefungwa, kimefungwa, kimefungwa. Basi ama beji inasema uongo, ama Spana. Na beji ni kifaa, hakina sababu ya kudanganya. Spana kasimamishwa. Jumatatu kikao, wanakuja wawili kutoka makao makuu. Anayeandika uongo kwenye kitabu kile haonywi, anaondoka. Miaka kumi na tisa. Mtoto wao mkubwa ndiyo kwanza kaanza chuo.

Mdogo wangu alivyosema hayo alikuwa ananikunjia blanketi miguuni.

Jioni Spana mwenyewe kaja. Nilisikia sauti yake mlangoni, nikageukia ukuta nijifanye nimelala. Akakaa ukingoni mwa kitanda. Akavua kofia. Nilisubiri utani. Nilikuwa nautaka ule utani kuliko supu.

Akasema, shemeji, mimi sikumbuki kuacha kifuniko wazi. Nimewaza tangu jana, nimehesabu kila mara niliyogeuza ufunguo. Lakini kama namba imesema, basi ni mimi, labda nilisahau, mtu huwa hajui alichosahau. Akasema hata Alhamisi nilikuona una baridi mpaka umejifunga shingoni, nikakutania. Kumbe ulishaanza kuugua. Akasema, nisamehe, kaka wa mke wangu. Machozi yakamshuka, mtu mzima, fundi, mikono ya grisi.

Sasa naandika nilichofanya, maana hakuna mwingine atakayekiandika. Nilimshika mkono. Nikamsamehe.

Nilimsamehe! Kwa sauti ya mgonjwa. Nikamwambia hayo ni ya dunia.

Jumapili, 12 Mei

Mwalimu kapiga simu, furaha imemkaba hadi sauti inakatika. Damu safi. Daktari haelewi. Kasema damu yangu ni ya kijana. Nilitaka kujisifu nikakosa pa kuanzia.

Nikapanga mipango. Mpango wa kwanza, panya kaibeba beji. Panya gani anajua kutumia selotepu. Mpango wa pili, barua isiyo na jina chini ya mlango wa meneja. Nimeandika mistari miwili nikaacha. Kiwanda kizima kinajua herufi zangu zinavyoinama, ni sawa na kuweka picha. Mpango wa tatu, kuugua zaidi, kikao kiahirishwe mpaka Desemba.

Nilikuwa kwenye mpango wa tatu mke wangu alipoingia na daftari hili mkononi.

Nililiacha chini ya mto. Kabadilisha foronya.

Kalisoma lote. Najua kalisoma lote kwa sababu karekebisha herufi tatu kwa penseli. Kaliweka juu ya tumbo langu, akaketi kwenye kiti. Nilisubiri apige kelele. Mke wangu anazo kelele, majirani ni mashahidi. Hakupiga.

Akauliza kitu kimoja. Spana alilia akiwa amekaa kwenye shuka hii?

Nikasema ndiyo.

Akaniambia niondoke kitandani. Akaivua ile shuka mpya, akaikunja, akaitoa nje. Akarudi na ile ya zamani yenye kiraka. Akasema kesho utakwenda kusema. Sikuuliza nisipokwenda itakuwaje. Kuhusu ile nne kwa nne hakusema neno. Ila vikombe vya wageni vimerudi kabatini, nimeona.

Jumatatu, 13 Mei

Imekwisha. Naandika ilivyokuwa, ili wasije wakaisimulia vibaya na hii.

Mke wangu alinisindikiza hadi getini. Kikao kilikuwa kantini, meza zimeunganishwa. Meneja, wale wawili wa makao makuu wenye tai, Mwalimu Mita Mbili, Kamusi wa kuandika. Spana kavaa shati jeupe, kanyoa. Alikuwa na bahasha. Wakasoma kitabu chake, sahihi moja baada ya nyingine. Wakamuuliza ana la kusema. Akafungua bahasha, akautoa ufunguo wa kifuniko, akauweka mezani. Akasema hana la kusema, ila anaomba mkewe asiambiwe kwa barua, amwambie mwenyewe.

Hapo nikasimama.

Nilisimama wima, kama nguzo ya umeme. Kiti kilianguka nyuma yangu sikukiokota. Nikasema kwa sauti iliyofika hadi kwenye mkanda: huyu mtu hana kosa, beji niliibandika mimi. Nikaeleza yote, selotepu, mstari wa manjano, ovaroli. Sikuficha hata nukta. Wale wenye tai kalamu ziliwaganda mkononi. Kamusi akafuta machozi. Meneja akasema katika maisha yake hajaona mzee jasiri namna ile.

Spana aliuchukua ufunguo mezani, akaurudisha kwenye bahasha, akailamba bahasha, akaifunga. Sijui kwa nini aliifunga.

Kazi yake amerudishiwa. Mkanda umewashwa saa nane mchana, tumeusikia wote tukiwa bado tumekaa. Mimi nimepewa barua ya onyo na nimenyang'anywa ufunguo wa stoo. Mpaka Desemba nitapanga kreti uwanjani.

Mwalimu alibaki na mimi baada ya kikao. Akanieleza ile namba upya, taratibu, kuanzia nilipotoka kwenda chooni. Nimeelewa kila kitu. Ni jambo jepesi kabisa. Akaniuliza, baba, kwa nini hukuuliza tu? Nikamwambia shemeji alikuwepo. Akatikisa kichwa kama ameelewa. Nadhani anaye na yeye.

Ijumaa, 17 Mei

Picha imewekwa getini. Ni Kamusi. Kacheka kidogo, meno mazuri. Wangempa Spana, alikataa. Kasema hataki kushika kitu kingine chenye sahihi.

Kreti ni nzito lakini hewa ipo. Watu wanapita wananiita Profesa Beji. Nimewajibu wote, kila mmoja na lake. Hilo halinisumbui.

Linalonisumbua ni Spana. Leo tumekutana kwenye bomba la kunawia. Nikamtupia utani, wa kawaida tu, kuhusu kichwa chake na chupa isiyojaa. Miaka kumi na tisa ningejibiwa kabla sijamaliza. Akasimama, akainamisha kichwa, akasema, shikamoo mzee.

Shikamoo! Kama mtu wa mtaa mwingine. Nikaitikia marahaba. Ningefanya nini? Akanawa, akaenda.

Nimekaa kwenye kreti muda mrefu. Halafu nikasikia habari. Mwezi ujao wanakuja watu wa zimamoto. Watapiga kengele bila kutangaza, na watahesabu kila kitengo kinatoka nje kwa dakika ngapi. Kitengo cha kwanza kinapigwa picha na meneja. Uwanja wa kreti ni kitengo. Kitengo cha mtu mmoja. Kesho nitakaa kidogo na mlinzi, ni rafiki yangu, lazima atakuwa ameambiwa siku. Nikishajua siku, saa haina shida, nitakuwa nimeshasimama nje tangu asubuhi. Spana akiiona hiyo picha itabidi aseme kitu. Hata kama ni tusi.

Jioni nimefungua daftari niandike mpango, nikakuta mke wangu kashapita tena. Herufi za Jumatatu hakurekebisha hata moja. Ila pale nilipoandika "Hapo nikasimama", kaandika pembeni kwa penseli, neno moja. Nani?

Haya.

Yote mengine ni kweli tupu, na anayebisha aje. Ila hapo mahali pamoja nilipapamba. Mke wangu hakuishia getini. Aliingia na mimi kantini, hakuna aliyethubutu kumzuia, akakaa kiti cha pembeni yangu. Spana alipouweka ufunguo mezani, nilikuwa naangalia vidole vyangu. Nilisubiri nione kama kuna mtu atasema kitu. Aliyesimama ni mke wangu. Yeye ndiye aliyesema, na kila alipofika mwisho wa sentensi alinigeukia, na mimi nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

Nimelisoma hilo mara mbili. Linasomeka vibaya.

Jumatatu niliandika kwa wino, na wino haufutiki. Penseli inafutika. Nimekwenda kwenye mkoba wa shule wa mjukuu, nimechukua kifutio, nimefuta ile Nani.